Sentensi Niliyoikata

Jumatatu, 11 Agosti

Shule itafunguliwa wiki ijayo na meza yangu ya mfasiri imejaa tayari. Naibu mkuu amenipa fomu mpya ya kuwapima wanafunzi dawa za kulevya, kurasa mbili za Kiingereza cha mawakili, akaomba Kiswahili chake kiwe tayari kesho na kienee upande mmoja wa karatasi. "Wazazi wakiona kurasa nyingi hawatii sahihi," alisema. Ana adabu, mzee huyu. Katika ofisi nzima ni yeye peke yake anayetamka jina langu, Kananu, bila kulivunjavunja.

Mpango ni huu: mwanafunzi anayetaka kucheza mchezo wowote, kuimba katika kwaya ya shule au kuegesha gari uwanjani, lazima mzazi wake akubali apimwe. Kila Ijumaa kompyuta itatoa namba kumi, na wenye namba hizo wataitwa kliniki wapewe kikombe cha kutolea mkojo. Nilihangaika kutafuta namna ya kueleza kwamba kompyuta haimlengi mtu. Mwishowe nimeandika "kwa kura". Nimelipenda neno hilo.

Jumanne, 12 Agosti

Fomu imekwisha. Imenibidi kukata sentensi mbili ili ienee. Hakuna atakayezikosa. Nusu ya akina mama watakaotia sahihi hawatasoma hata kichwa cha habari.

Alhamisi, 21 Agosti

Mkutano wa wazazi. Joto kali, feni mbili tu, ukumbi unanuka jasho na mandazi. Wakimbizi wa Kongo walikuwa wengi, na kila mmoja alitaka nimsomee. Mwaka wa nne sasa nawafasiria, na Kiswahili chao bado kinanikwaruza masikio. "Batoto." "Bantu." Nilifundishwa na masista wa Nkubu, kwetu Meru, waliokuwa wakikuchapa kwa kosa la ngeli.

Mama mmoja alikaa nami muda mrefu kuliko wote. Anaitwa Mama Aksanti, ametoka upande wa Uvira, anapanga nguo katika ghala huko Reynoldsburg na ndiye anayeongoza kwaya ya kanisa lao. Binti yake Aksanti, miaka kumi na sita, anakimbia mbio za nyika. Baba mtu bado yuko kambini Nakivale, Uganda. Tiketi yake ya ndege ilikuwa imetoka, mabegi yamefungwa, kisha serikali ya huku ikafuta safari zote za wakimbizi.

"Mwalimu," alisema, "hii karatasi inasema nini? Bon, unisomee pole pole."

Nilimsomea. Akauliza kama kuna ubaya wowote ndani yake. Nikamwambia hakuna ubaya kwa mtoto asiyevuta.

"Mutoto wangu na bangi? Hapana." Akacheka, akaandika jina lake herufi moja moja, ulimi ukiwa umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo.

Ijumaa, 29 Agosti

Kura ya kwanza. Kumi waliitwa, kumi walikojoa, hakuna aliyekutwa na kitu. Naibu mkuu alileta donati.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilikwenda kuwaona wakikimbia, kwa sababu kocha aliniomba nimweleze Mama Aksanti habari za vyuo. Kuna kocha wa chuo kimoja anayemfuatilia binti huyu ili ampe nafasi ya masomo, atakuja tena kumwona kwenye mashindano ya wilaya mwezi wa kumi. Aksanti alimaliza wa pili. Anakimbia mabega yametulia kabisa, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Nilipomweleza mama yake maneno ya kocha, alinishika mkono na hakuuachia mpaka tukafika kwenye gari.

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua. Kura ya tatu. Hakuna aliyekutwa na kitu.

Ijumaa, 19 Septemba

Nataka niandike ya leo kama yalivyokuwa, kabla sijaanza kuyapamba.

Saa nne na nusu asubuhi naibu mkuu alinipigia simu ya mezani. Msichana wangu mmoja yuko kliniki, namba yake imetoka, na kwa saa moja nzima hajatoa mkojo wala hataki kunywa maji. Hivyo ndivyo alivyosema, msichana wangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye Waafrika.

Nilimkuta Aksanti kwenye kiti cha plastiki, midomo imekauka, ina weupe weupe. Mbele yake chupa tatu za maji zimepangwa. Mama mmoja wa kampuni ya vipimo alikuwa amesimama karibu na mlango wa choo na saa yake mkononi, si mtu mbaya, amechoka tu.

Nilimuuliza kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kiingereza, kama wanavyofanya wote wa umri wake. Kanisa lao limefunga siku tatu, bila chakula, bila maji, kwa ajili ya watu waliokwama kambini. Leo ni siku ya tatu. Watafungua saa moja jioni kwa maombi.

"Kunywa," nilimwambia. "Mungu ataelewa."

"Mungu najua ataelewa," alisema. "Ila nimemwahidi baba. Jana kwenye simu aliniuliza, utaweza mpaka mwisho? Nikasema nitaweza." Kisha akaniuliza swali lenyewe. "Nisipokunywa watanifanya nini? Naweza kurudi Jumatatu?"

Nikamjibu, "Nadhani wataruhusu Jumatatu."

Nadhani. Kwa nini nilidhani? Kwa sababu fomu ninayoikumbuka ni ile niliyoiandika mimi, na katika fomu yangu hakuna neno juu ya asiyetoa.

Naibu mkuu akaniambia nimpigie mzazi. Mama Aksanti alitoka nje ya ghala kuongea, nikisikia upepo kwenye simu. Akauliza, "Mwalimu, kama hakunywe, iko hatari? Unambie tu. Kama iko hatari nitamwambia akunywe, Mungu anisamehe mimi."

Nikamwambia, "Hakuna hatari, mama."

Saa sita na nusu muda ulikwisha. Mama wa vipimo akaandika neno moja kwenye karatasi yake. Nilisoma juu ya bega lake. Amekataa.

Nikarudi mezani, nikafungua fomu ya Kiingereza. Ukurasa wa pili, katikati: mwanafunzi atakayekosa kutoa mkojo ndani ya saa tatu, kwa sababu yoyote, atahesabiwa sawa na aliyekutwa na dawa. Hiyo ndiyo sentensi moja kati ya zile mbili. Nilipoikata nakumbuka nilichowaza: nani atashindwa kukojoa?

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 22 Septemba

Kikao. Naibu mkuu, kocha, Mama Aksanti, Aksanti, mimi katikati. Kazi ya mkalimani ni kusema kilichosemwa, bila kuongeza, bila kupunguza. Nina cheti kinachosema hivyo, kimetundikwa ukutani.

"Amehesabiwa kuwa amekutwa na dawa," nikafasiri.

"Bamekuta nini?" akauliza Mama Aksanti.

Naibu mkuu akaeleza kwamba si suala la kukuta, ni suala la kanuni. Nikafasiri. Hatakimbia tena msimu huu. Atahudhuria Jumamosi nne za ushauri kwa watumiaji wa dawa. Nikafasiri.

"Hajatoa mukojo juu alikuwa anafunga. Ndani ya kikombe hamukukuwa kitu. Sasa hii dawa bameiona wapi?"

Nilifasiri vizuri sana. Sijawahi kufasiri vizuri kama leo. Naibu mkuu alitikisa kichwa kwa huruma, akasema wazazi wote walielezwa kanuni hii kabla ya kutia sahihi, na karatasi yake ipo. Akaitoa. Ilikuwa ya Kiswahili, karatasi yangu, na yale maandishi yake ya herufi moja moja chini. Hakuna katika chumba kile aliyeweza kuisoma ila mimi, mama huyo na binti yake, na siku ya kutia sahihi mama hakuisoma. Alinisikiliza mimi.

Mama Aksanti aliitazama sahihi yake. "Donc, mimi njo nilikubali," alisema, kwa sauti ya chini.

Hayo, kwamba yeye ndiye aliyekubali, sikuyafasiri. Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemweleza Bilha. Tulisoma chuo pamoja, sasa ni nesi, na hapa mjini sina mtu wa karibu kuliko yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho akikata sukuma wiki, kisha akaweka kisu chini.

"Utanyamaza," alisema. "Kibali chako cha kazi kinaisha lini?"

"Januari."

"Na barua ya kukuongezea anaandika nani?"

"Naibu mkuu."

"Basi. Mtoto amekosa kukimbia, hajafa. Wewe ukirudishwa Meru mama yako atakula sentensi?"

Akaendelea kukata mboga. Namchukia kwa kusema nilichokuja kumsikia akikisema.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kura. Mvulana mmoja wa timu ya mpira amekutwa na bangi kweli. Baba yake ni wakili. Kufikia saa tisa alasiri walikuwa wamepanga kipimo cha pili, kwa maabara nyingine, wiki ijayo.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo nilikwenda katika kanisa lao, kwa ibada ya mchana. Sijui nilitaka nini. Mama Aksanti hakuwa mbele na kwaya. Alikaa mstari wa nyuma, karibu na akina mama wenye watoto wachanga. Nilimuuliza jirani yangu, akaninong'oneza: wazee wamemwomba apumzike kidogo, juu ya mambo ya mutoto. "Banasema wazungu bamemukuta na dawa. Masomo haiwezi kusema uongo." Masomo, kwao, ni shule.

Majani ya miti ya barabara ya Morse yameanza kuwa mekundu. Kila mtu anayapiga picha.

Jumanne, 14 Oktoba

Aksanti alikuja ofisini wakati wa chakula cha mchana. Alifunga mlango. Aliweka karatasi mbili mezani, ya Kiingereza na ya Kiswahili, moja kando ya nyingine. Kwenye ya Kiingereza sentensi moja imepakwa rangi ya njano. Ya Kiswahili haina rangi popote.

"Kiswahili nasoma polepole," alisema kwa Kiingereza. "Nilirudia mara nne. Nilidhani sielewi. Iko wapi?"

Ningeweza kumwambia imeingizwa ndani ya sentensi nyingine. Angeamini kwa siku moja au mbili. "Nilikata," nikasema. "Haikuenea."

Aliigeuza ile ya Kiswahili. Nyuma ilikuwa tupu.

"Siku ile nilikuuliza," alisema. "Ungeniambia ningekunywa. Baba angenisamehe. Yeye mwenyewe angeniambia ninywe."

Hakulia. Mimi ndiye niliyetoa machozi, na nikaona jinsi yalivyomkera. Nilimuuliza kama mama yake anajua.

"Hapana. Mama bado anakuombea. Anasema wewe peke yako ndiye uliyekuwa upande wetu." Akakunja karatasi zake. "Mashindano ya wilaya ni tarehe ishirini na tano. Fanya unalotaka."

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia naibu mkuu. 

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alivua miwani, akaifuta. "Umefanya vyema kuniambia, Kananu. Fomu tutairekebisha kwa muhula ujao."

"Na Aksanti?"

"Tukifungua hili, kila mzazi atadai. Lakini fikiria pia upande wako. Watauliza nani aliyefasiri." Akavaa miwani yake. "Barua yako ya kibali ninayo hapa. Nilikuwa nataka kuitia sahihi wiki hii."

Alilitamka jina langu vizuri kabisa. Nikasema asante. Nikatoka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Barua imetiwa sahihi. Kura imefanyika. Kipimo cha pili cha yule mvulana ni safi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku ya mashindano ya wilaya. Jua, baridi kidogo, siku nzuri ya kukimbia. Leo ndiyo ilikuwa Jumamosi ya nne ya Aksanti katika ushauri wa watumiaji wa dawa. Kocha wa chuo alikuja, akamwona msichana mwingine, akaondoka.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua siku ya tatu mfululizo. Nafasiri barua za kuwaarifu wazazi kuhusu chawa.

Jumapili, 9 Novemba

Theluji ya kwanza, mapema sana. Mchana Mama Aksanti alibisha mlangoni kwangu na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuja kwa mabasi mawili. Sombe, kisamvu chao, na samaki mkavu ndani yake. Alisema amekawia kunishukuru.

"Wewe ulinisimamia kule ku masomo," alisema. "Bantu ba kanisa banageuka, lakini wewe hapana. Kila jioni nataja jina lako kwa Mungu."

Nilimwomba akae. Nikamwambia yote, nimesimama, kwa Kiswahili chepesi kadiri nilivyoweza: sentensi niliyoikata, Jumatatu niliyoidhani, simu aliyoipokea akiwa nje ya ghala. Nikamwambia pia kuhusu naibu mkuu na barua yangu. Nikamwambia Aksanti anajua tangu katikati ya Oktoba na hakutaka kumuumiza.

Aliweka mikono yake juu ya kifuniko cha sufuria kama anaota moto.

"Nilikuuliza iko hatari," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza mara mbili. Mara ya kwanza siku ya mukutano. Mara ya pili ku simu."

"Ndiyo."

"Mimi sijue Kiingereza. Kiswahili chako kikubwa, siyo kila neno najua. Lakini nilisema, huyu ni mutoto wa Afrika, ni mwanamuke, hataniacha nianguke." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Njo maana sikusoma. Siyo juu ya ujinga."

 Miaka minne nimewasikiliza watu hawa nikisahihisha ngeli zao kichwani, na hakuna siku niliyowahi kuambiwa jambo kwa usahihi kama lile.

Kisha akasema, "Andika. Kwa Kiingereza. Vile umeniambia, yote, usikate. Weka jina lako. Utapeleka kwa bakubwa ba elimu, kule mjini, siyo kwa ule bwana."

Nilikaa, nikaandika mbele yake. Ilichukua saa moja na nusu. Nilipomaliza akaniambia nimsomee kwa Kiswahili, na kila nilipofika kwenye nukta aliniinulia kidole nisubiri, akawaza, kisha akaniruhusu niendelee. Alipoondoka alichukua nakala moja. Sufuria akaiacha. Nilipomfuata nayo nje, alisema, "Chakula hakirudishwe," akaenda zake kituoni katika theluji. Hakutaka nimpeleke kwa gari.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeifikisha barua mkononi mwa karani wa bodi ya elimu, akaipiga muhuri.

Jumanne, 18 Novemba

Wamenihoji kwa saa mbili, wanawake wawili na mwanamume mmoja wa bodi. Waliniuliza kama naibu mkuu alijua. Nikasema alijua tangu tarehe kumi na tano Oktoba. Yeye amesema hakumbuki mazungumzo hayo.

Bilha hapokei simu zangu.

Jumatano, 26 Novemba

Uamuzi umetoka. Neno "amekataa" limefutwa katika rekodi ya Aksanti, na barua ya kuomba radhi imeandikwa, aya moja, bila kueleza kosa lilikuwa la nani. Wazazi wote wa Kiswahili watatia sahihi upya. Naibu mkuu amepewa onyo. Mkataba wangu utakoma Desemba kwa kukiuka maadili ya ukalimani, na hawakukosea. Baada ya hapo nina siku sitini za kupata mwajiri mwingine au kuondoka nchini.

Msimu hauna namna ya kurudishwa. Barua haikujaribu hata kuutaja.

Jumatano, 10 Desemba

Leo wazazi wameitwa kutia sahihi fomu mpya, kwa ajili ya michezo ya masika. Kurasa mbili, pande zote. Sikuifasiri mimi. Wametumia mkalimani wa simu, mwanamume mwenye sauti nzuri, sijui yuko jimbo gani. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikipakia vitabu vyangu kwenye sanduku, na mlango ulikuwa wazi.

Nilimsikia Mama Aksanti. Alimwamuru asome sentensi moja moja, na baada ya kila moja Aksanti alikuwa akimwonyesha mama yake mahali ilipo kwenye Kiingereza, kwa kidole. Yule wa simu alianza kuharakisha. Mama Aksanti akamwambia, "Baba, mimi nimeomba ruhusa ya siku nzima ku kazi. Rudilia."

Walipofika mwisho, naibu mkuu alimsogezea kalamu.

"Mwambie asante," Mama Aksanti aliiambia simu. "Nimesikia yote. Sasa nimeelewa, na sitie jina langu. Mutoto atakimbia ku barabara, na baba yake akifika ataamua naye."

Baba yake bado yuko Nakivale. Nilimsikia mkalimani akifasiri, neno kwa neno, bila kuongeza, bila kupunguza. Alifanya vizuri.

Wakatoka kwenye korido. Aksanti alipita akifunga zipu ya koti, macho mbele. Mama yake alisimama mlangoni kwangu, akatazama lile sanduku, kisha akanitazama mimi.

"Unahama?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Haya," alisema. "Uende salama, madamu."

Tangu Agosti hakuwahi kuniita jingine ila Mwalimu.